Kitenge cha mama mkwe kwenye boti yangu mpya

Jamani, leo nusura nimzamishe mama mkwe kwenye mto Ohio.



Mnajua nimenunua boti ya jeti. Haina pangaboi, inanyonya maji chini na kuyarusha nyuma. Aliyeniuzia alinionya mara tatu: injini ikiwaka, kamba wala nguo isiguse maji.

Mama mkwe amekuja kutoka Columbus kutusalimu hapa Louisville. Akakaa nyuma kabisa. Tuliposimama kupiga picha, injini bado inawaka, nikaona pindo la kitenge chake liko majini.

Sasa sisi Warundi, mkwe mwanaume unaanzaje kumwambia mama mkwe apandishe nguo? Semeni ukweli, ninyi mngeweza?

Nikamkonyeza mke wangu. Yuko bize na selfi.

Kikanyonywa!

Mama akavutwa hadi ukingoni. Mke wangu akamdaka kwa kulishika jaketi lake la kuokolea maisha. Fundo likafunguka, kitenge kikaenda.

Injini inanguruma, boti haiendi. Mkondo unatubeba, na mbele yanakuja matishari makubwa yaliyobeba makaa ya mawe. Yale hayana breki.

Nikazima, nikachomoa ufunguo. Mke akatupa nanga. Nikafungua mfuniko wa nyuma, nikaingiza mkono, nikavuta kitenge vipande vipande. Boti ikawaka, mke akapandisha nanga, tukatoka njiani matishari yakiwa yameshafika.

Mama, amebaki na gauni lake, akaniuliza taratibu:

"Kitenge changu ulikiona?"

"Nilikiona, mama."

"Ukanyamaza?"

"Kwa heshima, mama."

"Heshima hiyo ungekuja kuisimulia kwenye msiba wangu."