Paka wa Jirani Kwenye Kabati la Sala

Jayshree alizaliwa Nyamache, nyuma ya duka la baba yake la sukari na blanketi, na alijua kuuliza bei ya ndizi kwa Ekegusii kabla hajajua sala hata moja ya Kigujarati. Alipoolewa na Subhash akaletwa Kisii mjini, kwenye nyumba ya juu ya duka la misumari na rangi, wanawake wa sokoni hawakuchukua muda kumzoea. Walimwita Mama Aakash. Waligundua pia kwamba hapunji wala hapunjiki. Ukimwekea parachichi moja zaidi kwa bahati mbaya, atateremka tena kilima na miguu yake mibovu kukurudishia. "Mimi uongo siuwezi," alikuwa akisema, na kwa kweli alikuwa akiyasema hayo mara nyingi kuliko inavyomlazimu mtu mkweli.

Mlango ulioelekeana na wake ulikuwa wa Ruqiya, Mama Hafiz, muuza madera na leso karibu na stendi. Wawili hawa walikuwa wamezeeka pamoja. Watoto wao walicheza kwenye ngazi moja, wakaenda shule moja, wakahama mji, mmoja baada ya mwingine, wakawaachia mama zao simu za video na ukimya. Hafiz alipoondoka alimwachia mama yake kitu cha ziada: paka wa rangi ya kahawia na nyeupe, jina lake Kashata.

Hapo ndipo matata yalipoanza. Nyumba ya Jayshree haijawahi kupikiwa nyama wala yai, na huyo Kashata alikuwa mla samaki aliyekubuhu. Siku moja alipita baraza ya nyuma, ambayo nyumba zote mbili zinaitumia pamoja, akaingia jikoni kwa Jayshree na kichwa cha samaki mdomoni. Jayshree alimtoa kwa ufagio, kisha akatoka mpaka kwenye ngazi na kutangaza mbele ya wapangaji wote, na mbele ya Onchiri bawabu, kwamba paka yule asikanyage kwake tena. Ruqiya aliomba radhi. Hakujibu kwa ukali hata kidogo, ingawa ufagio ule ulikuwa umemgusa na yeye.

Sasa msikie huyu mama asiyeuweza uongo. Haikupita miezi mingi tangu siku ya ufagio, mchana mmoja wa mvua, Kashata alikuja akaketi nje ya dirisha la jikoni, ameloa, anatazama ndani bila kuomba kitu. Aakash alikuwa ameshahamia Kanada. Subhash alikuwa dukani. Esnah, mama kutoka Sironga anayemsaidia kazi za nyumbani, huondoka saa sita. Jayshree akafungua dirisha. Akampa maziwa ya uvuguvugu. Kesho yake akampa tena, na keshokutwa hakungoja aje, alimwita.

Ikawa desturi. Paka akishakunywa hutafuta pa kulala, na katika nyumba nzima alichagua mahali pamoja tu: sehemu ya chini ya kabati la sala, ambalo wenyewe huliita mandir. Kabati lenyewe ni la mbao ya mvule, alilitengeneza fundi wa Nyamira. Juu wanakaa miungu na taa zao. Chini kuna kopo la samli, ubani, na mfuko mkubwa wa pamba ambayo Jayshree huisokota kuwa tambi za taa. Kashata alilala juu ya pamba ile. Jayshree alikaa kwenye kigoda akisokota tambi na kumsimulia mambo ya Aakash, na jioni, kabla Subhash hajapanda, alimpitisha dirishani na kupangusa manyoya. Akikutana na Ruqiya kwenye ngazi aliuliza habari za biashara. Habari za paka hakuuliza.

Alhamisi moja mchana simu ikalia kutoka Rajkot. Kaka mkubwa wa Subhash amefariki. Kwa watu wa ukoo wao, msiba wa namna hiyo husimamisha sala zote za nyumbani. Kipindi hicho huitwa sutak. Kabati la sala hufungwa, na mtu yeyote wa ukoo hana ruhusa ya kuligusa mpaka siku zitimie na nyumba ioshwe. Katazo hilo haliwahusu watu wa nje. Jayshree alijua la kufanya, alikuwa amelifanya kwa misiba mingi. Machozi yakimtoka, akafunga milango ya juu, akafunga ya chini, akasukuma komeo, akazungushia kitambaa cheupe kwenye vishikizo ili mtu asisahau. Kisha akaoga, kama inavyotakiwa, na akateremka dukani kumpa mumewe habari. Hakumkumbuka hata kidogo paka aliyekuwa amelala humo chini.

Ijumaa asubuhi Subhash alikwenda Kisumu kukaa matanga na jamaa zake. Hakuwa ametoka nje ya mji bado, Ruqiya akabisha hodi na chupa ya chai.

"Pole sana, Mama Aakash. Poleni nyote."

"Asante, Mama Hafiz. Karibu."

Walikaa. Waliongea juu ya marehemu, jinsi alivyowahi kuja Kisii zamani akashindwa kulala kwa baridi, na wakacheka kidogo kama watu wanavyocheka msibani. Ruqiya alipoinuka alisita mlangoni.

"Samahani kukuuliza wakati kama huu. Kashata hakulala nyumbani. Hajapita huku kwako?"

Hapo ndipo lilipotendeka. Kulikuwa na majibu mengi ya kweli ambayo yangetosha. Angeweza kusema, jana alikuja, leo sijamwona. Lakini Jayshree alikumbuka ufagio, akakumbuka maneno yake ya kwenye ngazi, na ulimi ukatangulia. "Kwangu? Tangu siku ile hajawahi kukanyaga."

"Sawa," Ruqiya akasema. "Basi nitamuuliza Onchiri."

Saa tisa Esnah alimaliza kazi, maana siku hiyo alikaa zaidi kwa ajili ya wageni wa pole, akakusanya vitu vyake awahi Sironga kabla jua halijazama na Sabato kuingia. "Tutaonana Jumapili, Mama," akasema. Mvua ya kila siku ikanyesha, ikakatika. Ndipo jioni, giza likiingia, Jayshree, peke yake sebuleni, akasikia mbao zinakwaruzwa.

Alijua papo hapo. Hakuna haja ya kumsingizia kwamba alidhani ni panya, ingawa yeye mwenyewe alijaribu kujisingizia hivyo. Akaenda akasimama mbele ya kabati. Kucha zikakoma, na sauti ndogo ikatoka, ile ile ya kuomba dirisha lifunguliwe. Aliunyosha mkono mpaka kwenye kitambaa, akaurudisha.

Tusimwonee. Katazo lilikuwa la kweli na imani yake ilikuwa ya kweli. Aliogopa kumvurugia marehemu safari yake. Lakini mtu wa kulifungua kabati bila dhambi alikuwepo, tena hatua chache tu, mlango wa pili. Ruqiya si wa ukoo. Ingetosha kumwambia, njoo, paka wako yuko humu. Na Ruqiya angeuliza, ameingiaje? Swali hilo moja ndilo Jayshree alilolikimbia. Alijiambia pia kwamba mikono ya mla samaki haifai kugusa mahali pa sala, na alipojisikia akiwaza hivyo, baada ya ile chai aliyoinywa asubuhi kutoka mikono hiyo hiyo, aliona haya peke yake gizani. Hata hivyo hakwenda.

Alichofanya ni kumpigia mumewe simu. "Panya akiingia kwenye mandir wakati wa sutak," akauliza, "inakuwaje?"

"Mwache," Subhash akasema. Alikuwa amechoka. "Alikopita kuingia ndiko atakakopita kutoka."

Jayshree akakata simu akiwa na ruhusa mkononi. Alikuwa ameitafuta, akaipata, na alijua vizuri jinsi alivyoipata. Alilala chumba cha mbali, mlango umefungwa.

Jumamosi Ruqiya hakufungua duka. Tangu asubuhi alizunguka jengo akigonga sufuria kwa kijiko, kama afanyavyo wakati wa chakula cha paka, akiita. "Kashata. Kashata wee." Alishuka mpaka kwenye mifereji, akamtuma Onchiri juu ya paa la mabati, akauliza wauza viazi. Jayshree alimfuatilia kwa masikio tu. Kwenye kabati kulikuwa kimya tangu alfajiri, na kimya hicho kilikuwa kibaya kuliko kukwaruza. Alikalia kigoda chake akijiambia kwamba Jumapili Esnah atakuja, na Esnah hana ukoo nao, atafungua. Ulikuwa umebaki usiku mmoja tu.

Kisha sauti ya kijiko ikapanda ngazi, ikaja mpaka nje ya mlango wake. "Kashata," Ruqiya akaita kwa sauti ya chini, ya mtu aliyekata tamaa.

Na ndani ya kabati paka akaitika.

Ilikuwa sauti nyembamba, iliyokauka, lakini ilikuwa sauti. Jayshree aliinuka kwa wepesi asioujua tena mwilini mwake. Akachukua rimoti akawasha televisheni, akaongeza sauti mpaka ukumbi mzima ukajaa tangazo la sabuni. Televisheni, katika nyumba ya msiba. Katika sutak haiwashwi, hata redio haiwashwi, na yeye ndiye aliyekuwa akiwakemea wengine kwa hilo miaka yote. Mwiko alioogopa kuuvunja ili kumwokoa kiumbe, aliuvunja bila kufikiri ili kujificha. Alisimama katikati ya sebule na rimoti mkononi, akitazama kivuli cha miguu chini ya mlango. Kivuli kilikaa kitambo, kikaondoka.

Aliizima. Alikaa chini kwenye sakafu. Aibu aliyoisikia haikuwa ya kuogopa watu, maana hakuna aliyemwona, na usiku kucha haikumtoka.

Jumapili Esnah alipoingia, Jayshree hakumwacha hata avue sweta.

"Fungua kabati la sala. La chini."

"Si tulisema haliguswi, Mama?"

"Wewe unaruhusiwa. Fungua."

Esnah akafungua kitambaa, akasukuma komeo. Harufu ikatoka. Pamba ilikuwa imeraruliwa na kuchafuliwa, kopo la samli limeanguka na kulambwa mpaka bati likang'aa, na upande wa ndani wa mlango ulikuwa na michirizi, mingine ya damu. Kashata alikuwa amejikunja pembeni, macho yamefunga utando. Esnah akaweka mkono ubavuni mwake.

"Anapumua. Ni wa Mama Hafiz huyu. Alijifungia lini?"

"Nilimfungia mimi. Alhamisi. Sikujua." Kisha, kwa kuwa Esnah alikuwa bado anamtazama, "Ijumaa jioni nilijua. Nikakungoja wewe."

"Si ungenipigia tu, Mama. Ningekuja."

"Ilikuwa Sabato yako."

"Kwani Sabato inakataza kufungua mlango?" Esnah aliuliza bila ubaya, kama mtu anayetaka kujua kweli kama kuna dini inayokataza hivyo. Alimdondoshea paka maji mdomoni kwa kidole.

Jayshree alimchukua Kashata mwenyewe, akamfunga kwenye mtandio, akavuka ukumbi. Huenda Esnah angekubali kumpeleka, na wazo hilo lilimpitia, lakini angalau hapo alipiga moyo konde. Ruqiya alifungua mlango, akaona mtandio, akaona sikio la kahawia. Alimpokea paka, akaketi naye sakafuni, akawa anampa maji kidogo kidogo, na Jayshree akamwambia yote akiwa amesimama mlangoni kama mtoto aliyeitwa na mwalimu. Maziwa ya mchana. Pamba. Uongo wa Ijumaa. Kila neno lilimtoka kwa taabu.

"Kwamba anakuja kwako nilijua," Ruqiya akasema, macho kwa paka. "Alikuwa akirudi ananukia ubani. Ndiyo maana nilikuja kwako kwanza. Uliposema hajakanyaga nikajua basi, amepatwa na jambo barabarani. Nilisema Mama Aakash hawezi kunidanganya."

"Nisamehe."

"Na jana nilifika mlangoni kwako. Nilikuwa nataka kubisha, nikae na wewe kidogo, maana na mimi nilikuwa na huzuni. Halafu nikasikia televisheni. Nikasema, huyu yuko matangani, hawezi kuwasha televisheni hivi hivi. Huyu analia, na hataki tumsikie." Alimpangusa Kashata mdomo kwa ncha ya mtandio. "Nikaondoka, nisikuvunjie heshima."

Jayshree alishika fremu ya mlango. Angeweza kuliacha hivyo. Lilikuwa jambo jema kufikiriwa juu yake, na hakuna mtu duniani ambaye angelipinga.

"Sikuwa nalia, Mama Hafiz," akasema.

"Najua sasa," Ruqiya akajibu. Akainuka na paka mkononi, akamrudishia mtandio wake, akafunga mlango polepole ili asimshtue mgonjwa.