Mwanga wa Minza na Sakafu ya Stoo

"Mmeniulia mwanga wangu, mayu," Minza alisema, kasimama katikati ya mlango wa stoo. "Jana uliwaka, leo hauwaki. Nani ameingia humu?"

"Nimeingia mimi. Stoo ni yangu."

"Umekishika kigae?"

"Nikishike nikipeleke wapi? Hakichemshwi, hakiliwi."

Hakucheka. Minza si mtu wa kucheka hovyo. Ni mtoto wa wakulima wa mpunga kule Mwamanyili, mwaka wa tisa huu anatunza maabara ya sekondari hapa Bariadi, na shahada ya pili ya chuo kikuu anaisomea huku akiwa kazini. Kwangu amepanga chumba, na huniita mayu, yaani mama kwa Kisukuma. Stoo isiyo na dirisha nilimwachia bure, maana kitu chake kinataka giza.

Kitu chenyewe, hicho anachokiita kigae, ni kipande cha silikoni, kidogo kuliko ukucha wa dole gumba, kimetobolewa huko chuoni vishimo ambavyo jicho haliwezi kuviona. Ukikimulika kwa kile kitochi cha kukagulia noti bandia, kinawaka rangi ya chungwa lililoiva. Minza alikuwa akiviweka vipande hivyo kwenye chupa pamoja na dagaa wa Nassa, aone kama harufu ya samaki anayeoza inapunguza mwanga. Alipewa vinne. Vitatu vilikwishatumika. Hiki cha mwisho msimamizi wake wa chuo angekuja kukiona Ijumaa. Kikifa, mwaka mzima unarudiwa, na shuleni walishamwambia ruhusa nyingine asitegemee.

Mimi nilichoona ni stoo yenye vumbi na viroboto. Basi jioni ya jana yake nilikuwa nimeisiliba sakafu kwa mavi mabichi ya ng'ombe niliyoyalainisha kwa mkojo wa ng'ombe haohao, kama mama yangu alivyofanya. Niliona namfanyia hisani.

"Ikwanguliwe yote," akasema.

Nikaikwangua kwa jembe, mtu mzima nimeinama mbele ya mpangaji wangu. Winnie wa nyumba ya pili akapita, akauliza kama siku hizi nalima ndani.

Minza akanusa hewa, akauliza: "Mkojo ulikuwa wa siku ngapi?"

"Tatu. Wa siku moja haumfukuzi kiroboto."

"Unawasha macho?"

"Mpaka machozi."

Akabeba kigae akaenda nacho shuleni, mlango kauacha wazi. Aliporudi alinieleza. Mkojo uliolala hutoa amonia, na samaki akioza hutoa harufu za ukoo huohuo. Zinaingia kwenye vishimo, zinang'ang'ania humo, mwanga unafifia. Alikichovya kigae kwenye asidi iliyopunguzwa makali, akakikausha. Mwanga ukarudi, si wote, ila wa kutosha kuonekana.

"Kwa hiyo sakafu yangu imefanya kazi ya dagaa."

"Kwa usiku mmoja, mayu. Dagaa walichukua siku tatu."

Ijumaa msimamizi alikuja, akamulika, akaandika, akauliza habari za mkojo mara mbili, akaondoka. Mwaka haukurudiwa.

Jumamosi asubuhi Minza alikuja na ndoo mbili za udongo wa kichuguu, moja kichwani, nyingine mkononi. Akavua viatu, akaumwaga stooni, akaanza kushindilia. Samahani hakuitamka, nami sikuidai. Alipofika nusu nikamwambia apumzike, iliyobaki nitaimalizia.

"Wewe ulikwangua yote," akasema, akaendelea mpaka kona ya mwisho.

"Haya, hunidai sikudai," nikamwambia, nikamwekea maji ya kunawa miguu.