Mguu wa Mjomba na Mfupa wa Kuku

Mwaka jana mkokoteni wa magunia ya mchele ulimpanda mjomba wangu mguuni pale Kariakoo, mfupa wa muundi ukakatika. Mjomba alikuwa hamali. Nyapara wake alimwahidi jambo moja tu: siku mganga wa mifupa atakapomfungua vijiti alivyomfunga mguuni, akisimama atapewa kazi nyepesi ya kulinda mizigo. Asiposimama, nafasi yake inachukuliwa.

Mganga akaamuru supu ya makongoro, miguu ya ng'ombe, kila asubuhi. Mletaji mimi, kabla ya shule, na mama kanikataza hata kulamba kifuniko. Supu ile ikipoa inaganda, inatikisika. Mjomba akiitazama utadhani anaposa.

"Hiyo gundi, mjomba wangu," ananiambia, maana sisi tunaitana hivyo. "Inashuka moja kwa moja mpaka kwenye ufa."

Kisha ananibeulia usoni, nami tumbo tupu.

Shuleni mwalimu wa sayansi akatuonyesha mifupa miwili. Mfupa, alisema, una chokaa ya kuufanya mgumu na nyuzi za kolajeni za kuushika usivunjike ovyo. Nyuzi hizo zimo pia kwenye kano na ngozi. Zikichemshwa sana zinatoa gundi. Mfupa aliouchoma, nyuzi zimeungua, aliuminya kwa kidole gumba ukamong'onyoka kama kigae. Ule aliouloweka kwenye siki, chokaa imelika, ulipinda kama mpira. Wenzangu waliona sayansi. Mimi nilimwona mjomba.

Nikaloweka mfupa wa paja la kuku kwenye siki wiki nzima, chini ya kitanda. Asubuhi moja nikampelekea pamoja na supu.

"Shikamoo mjomba. Unamkumbuka yule kuku anayedonoa makombo chini ya meza ya muuza makongoro?"

"Marahaba. Kafanya nini?"

"Kachinjwa. Tazama gundi ilivyomfanya." Nikaukunja ncha kwa ncha.

Akaupokea. Akaukunja mwenyewe, mara mbili.

"Mwalimu wenu anasemaje?"

"Anasema gundi ikizidi, mfupa wote unageuka gundi."

Bakuli akanisukumia mimi. Nilikunywa mpaka jasho likanitoka, siku ile na zilizofuata.

Mganga alipofungua vijiti akamwambia, "Haya, simama."

"Mguu utapinda," mjomba akasema, akang'ang'ania kitanda. Mama akalia. Mimi nilikimbilia uani nikacheka mpaka mbavu zikauma.

Ijumaa, kesho yake nyapara anakuja kuona kama anasimama, nikaingiwa na hofu. Nikampelekea chupa ya siki. "Mjomba, ilikuwa siki tu. Nilikuwa nakuchezea."

Akanishika kichwa. "Mama yako kakutuma unitie moyo. Mtoto mwema wewe."

Jumamosi nyapara akaja na mtu mpya. Akaupapasa ule mguu, akaugonga kwa vidole.

"Mgumu kama nguzo."

"Kwa nje tu, bwana mkubwa."

"Basi wewe si mgonjwa. Wewe mvivu."

Mjomba akanigeukia, macho yamejaa machozi. "Mjomba, wewe ndiye msomi. Mweleze alivyosema mwalimu."

Mama alikuwa mlangoni, mwiko mkononi. Nikautazama ule mwiko.

"Hatujafikia somo hilo," nikasema.

Nyapara akamtazama mjomba, akatema mate pembeni, akamwambia yule mtu mpya, "Twende, kazi unaanza sasa hivi."