Bakuli la Tomoe

Mzee Agawa alifinyanga mabakuli ya chai huko Hagi, Japani, tangu ndevu hazijaota, na muda wote huo aliwadharau wanunuzi. Macho wanayo, alisema, ila ya kulalia tu.

Udongo wa Hagi hunywa. Chai hupenya kwenye nyufa nyembamba mwaka hadi mwaka, na bakuli hubadilika rangi kama mtu anavyozeeka. Haliharakishwi. Lakini mkwewe Masuo, kichwa cha panzi, aliyachemsha mabakuli mapya katika chai nzito, akayauza kuwa ya kale.

"Unapika supu ya mawe," mzee alimwambia.

"Na ndiyo unayokula, Baba."

Tomoe, mke wa mzee, alikufa miplamu ilipochanua. Bakuli alilonywea tangu aolewe lilibaki kabatini, limeiva rangi ya asali, na ukingoni pana weusi kidogo palipozoea midomo yake. Mzee hakulinywea. Alilitazama tu.

Siku aliyokuja Kuroiwa, mwalimu wa kuandaa chai, kununua bakuli la kale, mzee aliingia akakuta Masuo ameshapanga mabakuli mkekani. La Tomoe lilikuwa katikati.

"Umelitoa wapi lile?" alinong'ona.

"Kabatini. Si nimelichemsha mwenyewe?"

Bwege. Hata uongo wake mwenyewe haujui.

Lakini kilichowekwa mbele ya mgeni hakiondolewi, na akikitaka, hanyimwi. Ndivyo walivyolelewa. Mzee akapiga magoti.

Mwalimu alinyanyua la Tomoe. Akaligeuza, akachungulia kitako.

"Hili chafu," alisema. "Mwenyewe hakujua kutunza." Akalisukuma kando kwa kidole, akakumbatia moja la yale ya sufuria ya Masuo. "Hili sasa! Umri unaonekana. Vizazi vitatu, siyo, Mzee Agawa?"

"Tangu Jumanne," alijibu mzee. "Limechemshwa. Nusa."

Masuo akawa rangi ya majivu. Mwalimu akacheka mpaka akashika mshipi wa kimono.

"Nyie wafinyanzi! Mkiwa na kitu kizuri mnakitukana, msije mkakiuza." Akalipa, akaondoka nalo kifuani kama mtoto mchanga.

"Umemwambia ukweli, na bado kanunua!" Masuo alishangaa.

"Toka hapa."

Mzee akabaki peke yake. Akachemsha maji, akakoroga chai katika bakuli la Tomoe.

"Eti hukujua kutunza," alisema. "Umemsikia yule bata?"

Akaligeuza mpaka pale penye weusi, akanywa.