Halijafaulu, Halijafeli

Adelino Borba alikuwa mtu wa ndiyo au hapana. Alikamua ng'ombe wa watu nje ya mji wa Hilmar kwa miaka arobaini na mmoja, akakamua wake mwenyewe kwa kumi mingine, na kazi hiyo ilimfundisha kwamba maziwa ama ni ya kunywa ama ni ya kumwaga. Hakuna maziwa ya katikati. Basi Jumatatu ile, fundi wa kupima moshi alipotoka ofisini na karatasi mkononi akamwambia kwamba gari lake halijafaulu wala halijafeli, mzee alimtazama kama mtu aliyeambiwa ng'ombe wake amezaa nusu ndama.

"Hebu rudia," alisema.

"Halijafaulu, halijafeli. Haliko tayari." Fundi huyo aliitwa Rigoberto, mtu mnene, mpole, mwenye miwani iliyoning'inia kifuani.

"Haliko tayari vipi, na limefika hapa kwa magurudumu yake? Linatoa moshi mchafu?"

"Sijui, mzee. Sijalinusa."

"Hujalinusa! Sasa saa nzima ulikuwa unapima nini?"

Rigoberto alikuna kichwa. Zamani, alieleza, walitia bomba ndani ya ekzosi. Magari yaliyotoka mwaka elfu mbili na kuendelea hayanuswi tena. Unachomeka waya chini ya usukani, unaiuliza kompyuta ya gari, nayo inajibu. Gari la Adelino lilikuwa la mwaka 2001. Lilipoulizwa likasema halikumbuki kitu.

"Linazeeka," alisema Adelino. "Hata mimi sikumbuki vitu."

"Siyo uzee. Juzijuzi kuna mtu kafungua betri?"

"Mimi mwenyewe. Leo asubuhi," akajibu, na kwa sauti ya mtu anayengoja kupongezwa.

Taa ya injini, ile ya rangi ya chungwa, ilikuwa imewaka tangu Agosti. Osvaldo Toste, mwenzake wa kucheza karata ukumbini kila Alhamisi, alikuwa amempa dawa yake. "Kaka, toa waya wa betri robo saa tu. Gari ni kama mke, likinuna liache lipumue." Adelino alitoa waya, akasubiri kwa saa yake ya mkononi, akarudisha, na taa ikawa imezimika. Aliamini amelitibu.

Rigoberto alicheka, kisha alipouona uso wa mzee akaacha. "Hukulitibu, mzee. Umelifuta kumbukumbu. Taa imezimika kwa sababu gari limesahau kinacholiuma ni nini. Watu wanafanya hivyo kuidanganya mashine, ndiyo maana siku hizi mashine inakataa kusema lolote."

"Mimi sijawahi kumdanganya mtu."

"Sikusema wewe. Nimesema watu."

Lakini neno lilikuwa limeshaingia. Huyu ndiye Adelino ambaye, akiwa kijana asiye na miaka miwili tangu atoke kisiwani kwao Terceira, alimkamua kwa bahati mbaya ng'ombe aliyekuwa kwenye dawa, maziwa yakachanganyika na tangi zima. Hakuna aliyemwona. Alikwenda kumgongea bwana wake mlango, akamwambia, na tangi lote likamwagwa mtaroni huku akitazama. Watu wa siku hizi wangemwita mjinga. Mimi naona nchi haina watu wengi wa kutosha wa namna hiyo.

Simu ililia. Alikuwa Odília, binti yake wa pekee, karani wa shule mjini.

"Baba, limefaulu?"

"Hapana."

"Basi limefeli. Pole, baba."

"Halikufeli."

"Baba, umekunywa asubuhi hii?"

Alikuwa na sababu ya kuuliza. Mnamo Septemba, Adelino aliligonga sanduku la barua la jirani akaling'oa na nguzo yake. Odília alitaka ufunguo siku hiyohiyo. Walibishana majuma matatu, mpaka ilipokuja barua ya usajili iliyotaka gari lipimwe, ndipo wakapatana mezani, bakuli la supu katikati yao. Likifaulu, baba ataendesha mwaka mwingine na binti atafunga mdomo. Likifeli, ufunguo unakuwa wa Odília, na gari litakwenda kusagwa chuma. Walipeana mikono. Kwa Adelino, mkono uliotolewa ulikuwa umetolewa.

Na hakuna aliyehitaji kumweleza alichokiweka rehani. Nyumba yake iko maili tisa kutoka mjini, malisho ya zamani yamegeuka mashamba ya lozi, na basi halipiti. Bila gari hakuna karata za Alhamisi, hakuna misa ila kwa hisani ya mtu, wala hakuna kwenda kumsimulia mkewe Idalina habari za wiki pale makaburini. Alijiandaa kushinda. Alijiandaa hata kushindwa. Kilichomtoa akili ni kwamba jibu halikuja.

"Sasa nifanye nini?" alimwuliza Rigoberto.

"Uliendeshe, lijichunguze upya. Lakini siyo kuendesha ovyoovyo." Akageuza karatasi, akaandika nyuma yake. Gari lilale usiku mzima. Asubuhi liwashwe, liungurume dakika tatu bila kuguswa. Kisha barabara iliyonyooka, maili hamsini na tano kwa saa, dakika kumi, bila kupanda wala kushuka. Kisha aondoe mguu, aliache lipungue lenyewe mpaka ishirini, na asikanyage breki. Kisha tena. Asubuhi nne, na Ijumaa arudi.

"Nisikanyage breki," alisema Adelino.

"Usikanyage."

"Binti yangu anasema siku hizi sikanyagi breki mapema. Wewe unasema nisikanyage kabisa."

"Kama kuna mtu mbele, kanyaga, mzee! Mungu wangu."

Jumanne asubuhi ukungu ulikuwa mzito kama maziwa ya kwanza ya ng'ombe aliyezaa. Adelino alikaa ndani ya gari lililokuwa likiunguruma, amefumba mikono mapajani asije akagusa kitu, akihesabu dakika. Ukungu ulipoinuka akaingia barabara ya mfereji, akafika hamsini na tano, akaishikilia kama mtu aliyebeba ndoo iliyojaa. Dakika kumi zilipokwisha akaondoa mguu. Nyuma yake lori la maziwa likapiga honi ndefu, likamfikia ubavuni, dereva akateremsha kioo.

"Babu! Gari limekufa au umekufa wewe?"

"Bado hatujajua!" Adelino alimjibu.

Jumatano Odília alipanda naye kabla ya kazi, akaketi ameshika mlango kwa mkono mmoja.

"Baba, mbona unapunguza? Barabara ni nyeupe."

"Nimeambiwa nipunguze."

"Na nani?"

"Na kompyuta."

"Kompyuta inaongea na wewe?"

"Haiongei na mtu yeyote. Ndiyo shida yenyewe."

Odília alicheka mpaka akauachia mlango, kisha akamtazama baba yake kwa muda, mgongo ulionyooka, macho mbele, midomo ikihesabu. Aliposhuka mbele ya shule aligonga bodi ya gari mara mbili kama mtu anayempiga ng'ombe kibao cha upole.

Alhamisi ukumbini, Osvaldo Toste aliusikiliza mkasa wote huku akipanga karata. "Unajisumbua, kaka. Taa ikirudi, toa waya tena. Ofisi ya usajili hutoa kibali cha muda. Kikiisha, utaona. Ikiwa halifeli, ufunguo ni wako. Si ndivyo mlivyopatana?"

"Ndivyo."

"Basi kaa hapohapo katikati. Katikati kuna kivuli."

Ijumaa, kwenye dakika ya saba ya mwendo, taa ya chungwa iliwaka.

Adelino aliegesha gari kando ya mfereji. Hakukuwa na mtu, ila korongo mmoja amesimama majini. Alifungua boneti. Spana ilikuwa ndani ya mfuko wa koti, kwa kuwa tangu Jumatatu hakuitoa. Akaiweka juu ya nati ya betri, ikakaa sawasawa.

Osvaldo hakusema uongo, mapatano yalikuwa likifeli, na gari lisilokumbuka kitu halifeli. Mtu angeweza kuishi hapo katikati mpaka siku ya kuzikwa. Na waya huu alikwisha kuutoa mara moja, kwa mkono huuhuu, asijione mwizi. Ni waya uleule na spana ileile. Iweje Jumatatu iwe matengenezo, na Ijumaa iwe wizi? Alilitafuta jibu la maneno, hakulipata. Hakuwa mtu wa maneno. Lakini alijua tangi limeingia maziwa mabaya, na safari hii alikuwa ameyaona yakiingia. Kosa la asiyejua lina mlango wa kutokea. Kosa la anayejua halina, na mtu mzima asijifanye anautafuta.

Alirudisha spana mfukoni, akafunga boneti, akampigia Odília simu kwamba taa imewaka, na saa sita, kazi ikiisha, wakutane kwa fundi.

Rigoberto alichomeka waya, akasoma, akatikisa kichwa. "Leo limejibu. Limefeli, mzee." Kisha akazunguka nyuma ya gari, akafungua kifuniko cha tangi la mafuta, akakipeleka kwenye mwanga. Mpira wake ulikuwa umepasuka. "Mvuke wa petroli unatokea hapa. Basi. Kifuniko hiki dukani dola kumi na nne. Funga kipya, endesha wiki moja, litafaulu."

Odília alikuwa ameshushwa na mwalimu mmoja dakika hiyohiyo, akasikia. Adelino alimnyooshea ufunguo.

"Baba, ni kifuniko tu!"

"Tulisema likifeli."

"Kwa kifuniko?"

"Hatukusema kwa kitu gani. Tulisema likifeli."

"Na hiyo taa ilipowaka ulikuwa na nani?"

"Peke yangu."

Odília alimtazama, akamtazama Rigoberto, ambaye aliona vema kwenda kutafuta kitambaa cha kufutia mikono. "Wewe nawe, baba! Nimebishana nawe majuma matatu kwa ajili ya ufunguo huu, leo unanipa sijui niufanye nini."

"Ni wako. Amua wewe."

Aliupokea. Akaugeuza kiganjani, kisha akamwita fundi. "Duka la vipuri lililo karibu liko wapi?"

"Mtaa wa pili, kulia."

"Unakwenda kununua?" Adelino aliuliza. "Kwa hiyo haliendi kusagwa? Nitaliendesha tena?"

"Sijasema hivyo."

"Sitaliendesha?"

"Sijasema hivyo pia. Acha kwanza nifike dukani. Ingia, baba."

Mzee alizunguka mbele ya gari, akaenda upande wa dereva, akasita, akazunguka tena. Kiti cha abiria kilikuwa kimesogezwa mbele tangu zama za Idalina, na magoti yake yaligonga dashibodi. Odília aliwasha injini.

"Kwa hiyo nimeshinda au nimeshindwa?"

"Hata mimi sijui. Funga mkanda."

Adelino alipeleka mkono begani kushoto, ulipo mkanda wa dereva, kama alivyofanya kwa miaka ishirini, akapapasa, asiguse kitu.