Mguu wa Baba Kwenye Santuri

Nianze kwa kujitetea, maana dada yangu akiyasoma haya atasema nimeanza na uongo. Si kweli kwamba sitoki. Natoka. Kila Jumamosi natoka Upanga, nakatiza Mnazi Mmoja kwa miguu hadi kwenye kibanda cha fundi redio nyuma ya Msimbazi, ambako wanaume wachache tusio na la maana hukaa kwenye benchi tukibishania sauti. Yupo wa kanda, anayeapa kwamba hakuna besi kama ya kanda iliyochoka kidogo. Yupo wa sidii, anazifuta kwa upindo wa kanga ya mkewe kama mtu anayefuta miwani ya mkwe. Fundi mwenyewe, bila hata aibu, anasikiliza flashi. Mimi ni wa santuri. Wananiita Marehemu, kwa sababu wanasema kila kinachonifurahisha kimeshazikwa. Tukimaliza kubishana narudi nyumbani, na kutoka kwangu kwa wiki hiyo kumekwisha.

Pale kibandani ukiniuliza kwa nini santuri, nitakujibu kitaalamu, na kidole nitakinyanyua. Nitasema sauti ya santuri ina joto, ina nyama, flashi ni mifupa mitupu. Nyumbani jibu langu ni jingine. Ni kwa sababu ya mguu wa baba.

Baba alikuwa fundi cherehani. Alishonea barazani kwetu Kariakoo, kwenye nyumba ya vyumba sita, sisi na wapangaji, na santuri yake alikuwa ameiweka sebuleni, juu ya kabati, hatua chache tu kutoka mlangoni alipokaa. Kila siku baada ya alasiri aliweka sahani ileile, ya bendi moja ya dansi ya zamani, kisha akarudi kwenye cherehani yake. Sahani hiyo ilikuwa na mkwaruzo. Kuku wa mpangaji aliingia siku moja akatembea juu yake, na mwimbaji toka siku ile akawa akifika ubeti wa pili anakwama: nita, nita, nita, nita. Hadi nimekuwa mkubwa wa kutahiriwa nilidhani wimbo unahusu mtu mwenye kigugumizi.

Baba hakuwahi kuinuka kwenda kuisukuma sindano. Sakafu yetu ilikuwa imeinuka kutoka chini, saruji imeachana na udongo, na lile bamba lililolegea lilianza chini ya kiti chake hadi chini ya mguu mmoja wa kabati. Basi mwimbaji akikwama, baba aliacha kukanyaga cherehani, akainua mguu wa kulia, akapiga sakafu mara moja. Ti! Kabati linatikisika, sindano inaruka, wimbo unaendelea, na baba anaendelea na suruali ya watu. Alikuwa na mguu mzito kwa sababu ya kukanyaga cherehani miaka yote hiyo. Akipiga, vikombe vya mama vinajibu huko uani, na mama anasema, bila kumwambia mtu, "Haya, yupo."

Alipofariki, mama hakutaka santuri iguswe. Halafu nyumba ikabomolewa, kama zilivyobomolewa za majirani, ghorofa lipande, na shemeji akatutafutia fleti Upanga, ghorofa ya pili. Wakati huo mama alikuwa ameshaanza kupotelewa na mambo. Chumvi anaitafuta kwenye friji. Mimi anaweza kuniita kwa jina la mjomba wake. Nikasema nimrudishie kitu anachokifahamu. Nikaifunga santuri juu ya kabati lilelile, nikaweka sahani, na mama akakaa roshani akitazama mtaa, miguu yake iliyovimba ikiwa juu ya kigoda, akitikisa kichwa kwa raha.

Ubeti wa pili ukafika. Nita, nita, nita.

"Mwambie baba yako apige mguu," mama akasema.

Nami, kwa akili zangu za kidato cha nne, nikamwambia ukweli. "Mama, baba si alishafariki?"

Sijawahi kumwona mtu akifiwa karibu hivyo. Alinigeukia na uso wa siku ileile. "Lini? Mbona hamkuniita?" Akalia kama maiti bado iko uani inaoshwa. Kesho yake alikuwa amesahau kilio, ila macho yake yalikuwa yamevimba na hakujua kwa nini, akaniuliza kama ni vumbi. Toka siku ile nilikuwa na kazi moja tu duniani: mama asifiwe tena na mume yuleyule.

Dada yangu aliona dawa ni rahisi. Akaja na spika ya blutuuthi, ndogo kama chungwa.

"Wewe mwali, hebu toka hapo," akaniambia. Ananiita mwali kwa sababu nakaa ndani kuliko mwali aliyewekwa unyagoni. "Dunia nzima imo kwenye simu, wewe unahangaika na sahani iliyokanyagwa na kuku."

Akautafuta wimbo, akaupata, msafi kama umeoshwa kwa jiki. Ubeti wa pili ukafika ukapita, na mwimbaji akaimba kipande ambacho nyumba yetu haikuwahi kukisikia, kwa sababu sindano kila siku ilikiruka. Mama akakunja uso.

"Nani kaongeza maneno?"

"Ndiyo wimbo wenyewe huo, mama."

"Na baba yenu? Mbona kaacha umepita? Yuko wapi?"

Dada akafungua mdomo. Nikamkanyaga kidole. "Yupo, mama," nikasema. "Amepitiwa na usingizi."

Dada akaondoka na chungwa lake, na mlangoni akaninong'oneza, "Sasa kesho utasema kaenda wapi? Hija?"

Kesho yake nilifanya hivi. Sahani ilipokwama nikasimama kando ya kabati, mama amenipa mgongo kule roshani, nikapiga mguu wa kulia chini na palepale nikaisukuma sindano kwa ncha ya kidole, kama mwizi wa sukari. Sakafu ya fleti ni zege, ungeruka juu yake na tembo sindano isingestuka. Kwa hiyo mguu ulikuwa wa kelele tu, kazi ilifanywa na kidole.

Mama akasikiliza. "Umri umemchukua," akasema. "Zamani alikuwa akipiga wanasikia mpaka Msimbazi."

Nilikasirika, nakwambia. Mtu mzima mwenye mvi nimekaa pale nafanya mazoezi ya kukanyaga. Nikavitoa viatu vya baba kwenye sanduku, vile vyeusi vya soli ngumu alivyovaa kwenye harusi za watu, nikavivaa. Sauti ikawa nzuri. Ikawa nzuri kiasi cha kumpandisha mama wa fleti ya chini yetu, mjane mmoja mpole ambaye hadi siku hiyo alikuwa ananijibu kwa kugonga dari yake na mpini wa ufagio, ko, ko.

"Jirani," akasema mlangoni, "huku juu mnapasua nazi?"

"Samahani, mama. Ni mazoezi."

Akanitazama kuanzia viatuni, akapumzika kidogo tumboni. "Mazoezi," akasema. "Haya. Mungu atakusaidia."

Tukaishi hivyo. Mama alikuwa na furaha, na mimi nikaanza kuogopa. Kila nilipopiga, sauti iliyotoka siyo niliyoijua kuwa yangu. Nilikuwa najisikia kama mtu anayeazima sahihi ya mwingine kila siku hadi mkono unasahau yake. Mama alikuwa akisema na baba pale roshani, mambo madogo, bei ya dagaa, na kuna mahali alikuwa ananyamaza, kisha anacheka, kama aliyejibiwa. Nikavivua viatu, nikavisukuma chini ya kabati, nikawa napiga peku.

Sasa niseme lililotokea, na wale wa kibandani wakitaka kucheka wacheke.

Nilikuwa jikoni nachoma maandazi. Mafuta yamechemka, mikono imejaa unga. Wimbo ukafika ubeti wa pili. Nita, nita, nita. Nikasema nakuja, nakuja, nikazima jiko, nikatafuta kitambaa. Nita, nita, nita.

Ti!

Mara moja. Kijiko kikatikisika ndani ya kikombe mbele yangu. Na wimbo ukaendelea.

Akili yangu ilikimbilia utaalamu, kama ilivyozoea. Sindano ikichakaa inaweza kujipitia. Mkwaruzo nao unalika. Hayo yote nayajua, nimeyabishania Jumamosi nyingi. Ila nikiwa bado natafuta maelezo ya ule mlio, kutoka chini mama wa watu akagonga dari yake kwa mpini wa ufagio. Ko, ko.

Nikaenda sebuleni na unga wangu mikononi. Hakuna mtu. Viatu viko chini ya kabati. Mama yuko palepale roshani, miguu juu ya kigoda, imefunikwa na kitenge kama nilivyoifunika mwenyewe.

"Leo amepiga vizuri," akasema. Kisha akageuka akanitazama, na macho yake siku hiyo yalikuwa yale ya zamani, yaliyokuwa yakihesabu maandazi. "Au ni wewe?"

Wiki zote hizo nilikuwa nikidanganya bila kuulizwa. Leo nimeulizwa, na ukweli wenyewe ukanitisha kuliko uongo wote.

"Si mimi, mama."

"Najua si wewe," akasema. "Wewe unapiga kama mtu anaua mende."

Sikujua niangalie wapi. Kuna kiti cha baba, kile cha cherehani, tulikileta kutoka Kariakoo kwa sababu mama alikataa kukiacha, kiko kando ya mlango na huwa hakikaliwi. Nikakitazama. Mdomo wangu ukafunguka wenyewe.

"Shikamoo," nikasema. Nikageuka haraka nirudi jikoni.

"We," mama akaniita. "Toka mdogo hivyo hivyo. Unaamkia watu unakimbia. Subiri basi akuitikie."

Nikasimama. Wimbo ukaisha, sindano ikafika katikati ya sahani ambako hakuna kilichoimbwa, ikabaki inakwaruza, shaa, shaa, shaa. Nilikuwa karibu, ningeweza kuiinua kwa kidole. Sikuiinua. Nilisimama pale na unga unakauka mikononi, nikasubiri.