Msimamizi Aliyeandika "Nimeona"

Alizaliwa tarehe tatu Machi 1958, kitindamimba wa fundi cherehani na mkunga, na tangu utotoni hakuweza kupita kwa mgonjwa bila kumjulia hali. Akawa afisa ustawi wa jamii. Kwa miaka kumi na miwili alitembea nyumba kwa nyumba hadi soli zikalika, wala hakuridhika na maneno ya mlangoni. Aliingia, akaketi, akamtazama mtu usoni. Watu walimwita Mama Ingiaingia, naye akacheka tu.

Mwaka 1994 alipandishwa cheo kuwa msimamizi, na hapo, ndugu zanguni, ndipo jaribu lilipomkuta. Wenzake wa jana wakawa watu wa kuulizwa leo, na kuuliza kukamshinda. Rafiki yake wa kufa na kuzikana, afisa aliyekuwa chini yake sasa, alileta ripoti ya bibi kipofu aliyeishi kwa mkwewe: "Bibi hajambo, amelala." Mwezi wa pili, amelala. Wa tatu, amelala! Alipofungua mdomo kuuliza, rafiki akamkatiza, "Dada, leo hunijui mimi?" Msimamizi akaona haya. Akaandika pembeni, kama ilivyokuwa desturi ya ofisi, "Nimeona," akatia sahihi.

Jamani! Majirani walipovunja mlango wa stoo ya mkwewe, walimkuta bibi sakafuni, mifupa mitupu, amefungiwa. Msimamizi alifika mbio, akapiga magoti. Bibi akasema kwa sauti ndogo, "Hodi zenu nilizisikia. Zote tatu. Mbona hamkuingia?"

Mkurugenzi aliitisha kikao ili rafiki yule afukuzwe. Msimamizi akasimama.

"Yeye aliandika alichoambiwa mlangoni. Mimi niliandika nimeona, na sikuona kitu. Anzeni na mimi."

Watu wakaulizana: Tangu lini bosi akajishtaki mwenyewe? Wote wawili walisimamishwa kazi miezi sita, wakaitumia kumlisha bibi uji kwa kijiko. Daktari alikuwa amempa siku mbili; aliishi miaka saba, na wengi wanauita muujiza. Waliporudi kazini, msimamizi alimhoji rafiki yake juu ya kila ripoti hadi jasho likamtoka. Faili alilolisoma tu, bila kwenda kujionea, aliliandika "Nimesoma," basi.

Alifariki mwaka 2016. Rafiki yake, aliyerithi meza yake, alikuta asubuhi ya mazishi faili moja halijatiwa sahihi. Akatoka mazishini na nguo zake nyeusi hadi kwenye nyumba iliyotajwa humo. Mlangoni wakamwambia arudi kesho. Akavua viatu, akaingia.

Tumwige, sisi sote wenye kutia sahihi.